Saa ya Mapigo ya Moyo: Yafaa au Haifai?

Katika zama zetu kimezuka chombo kidogo kifungwacho mkononi mfano wa saa, ambacho kazi yake si kuonyesha wakati peke yake. Chombo hicho huhesabu hatua za mvaaji, hukadiria usingizi wake, na zaidi ya yote husoma mapigo ya moyo wake usiku na mchana. Wengine hukiita saa janja, na wengine bangili ya mazoezi. Katika insha hii tutakiita saa ya mapigo. Zipo za shilingi elfu chache, na zipo za makumi ya maelfu. Mjini Machakos, kama katika miji mingine ya Kenya, saa hizi zimo mikononi mwa makarani, walimu, wafanyabiashara na vijana wapendao mbio. Wako watu wazisifuo kupita kiasi, na wako wazidharauo pasipo kuzichunguza. Msomaji mwenye haki hana budi kujitenga na makundi hayo yote mawili, akauliza swali moja: je, chombo hiki chastahili fedha tunazokilipia na imani tunayokipa?

Kabla ya kuhukumu chombo, yatupasa kujua kinavyofanya kazi. Igeuze saa hiyo uitazame upande ulaliao ngozi. Utaona taa ndogo za kijani zikimeta. Damu hufyonza mwanga wa kijani. Moyo upigapo, damu huzidi katika mishipa midogo ya mkono, na mwanga mwingi hufyonzwa. Baina ya pigo na pigo damu hupungua, na mwanga mwingi hurudi. Kando ya taa kuna kijicho kipimacho mwanga urudio, na mashine ya ndani hugeuza kupanda na kushuka kwa mwanga huo kuwa idadi ya mapigo kwa dakika. Fahamu basi ya kuwa taa hizi haziusikii moyo wenyewe. Hupata habari zake kwa kutazama damu ipitayo mbali nao, kama mtu akisiaye mvua ya milimani kwa kutazama maji ya mto bondeni.

Kipo chombo kingine kilichotangulia, nacho ni mkanda wa kifuani. Kampuni ya Polar ya Ufini, iliyoanzishwa mwaka 1977, ilitoa mwaka 1982 mkanda uliosoma umeme wa moyo kifuani na kuipeleka habari hiyo katika saa ya mkononi pasipo waya. Mkanda wa namna hiyo hukaribia zaidi chanzo cha habari. Ndiyo sababu hata leo huaminiwa kuliko mwanga wa mkononi, hasa mtu anapokimbia kwa kasi. Saa ya mwanga huchanganyikiwa ikivaliwa kwa kulegea, mkono ukitikisika sana, ngozi ikipoa kwa baridi, au mahali pale pakiwa na chale za wino.

Haki yataka tuanze na sifa. Kuna uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet Digital Health, ambao ulikusanya matokeo ya tafiti nyingi zilizoutangulia. Ulionyesha kwamba watu waliovaa vyombo vya kuhesabu mwendo waliongeza kiasi cha hatua 1,800 kwa siku. Hilo si jambo dogo kwa karani aketiye kitini tangu asubuhi hadi jioni. Tena saa huweza kuona jambo ambalo mwenyewe hakulihisi. Mwaka 2019 zilitangazwa habari za uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, uliofanywa kwa watu 419,297 waliovaa saa za Apple. Waliopewa onyo kwamba mapigo yao hayaendi kwa mpango walikuwa 2,161 tu. Miongoni mwao, watu 450 walivaa kipimo cha pili na kukirudisha, na karibu theluthi yao walionekana kuwa na ugonjwa wa mapigo ya ovyo, ambao waweza kuleta kiharusi. Kwa watu hao saa ilikuwa mlinzi aliyepiga hodi kabla ya mwizi.

Sasa tutazame kasoro. Mwaka 2017 wataalamu wa chuo hicho hicho cha Stanford walipima vyombo saba vya namna hii kwa watu 60. Sita kati ya saba vilisoma mapigo ya moyo kwa kosa lisilozidi asilimia 5. Hapo vilistahili pongezi. Lakini vilipoulizwa mwili umetumia nguvu kiasi gani, yaani kalori ngapi, vyote vilishindwa: kilichokuwa bora kuliko vyote kilikosea kwa asilimia 27, na kilichokuwa kibaya kuliko vyote kwa asilimia 93. Ajabu ni kwamba chombo huitangaza hesabu iliyo kweli na hesabu iliyo mbovu kwa sauti moja, katika kioo kimoja na kwa tarakimu zenye nadhifu ile ile. Asiyejua huziamini zote sawasawa. Mtu aambiwaye na saa kwamba ameteketeza kalori 600, akajituza kwa soda na maandazi, yamkini amerudisha mwilini zaidi ya alichotoa.

Liko na jambo la pili. Mwaka 2016 jarida la chama cha madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapa uchunguzi uliofanywa Pittsburgh kwa vijana 471 wenye uzito uliozidi. Wote walifundishwa kula vizuri na kufanya mazoezi, kisha baadhi yao wakaongezewa vyombo vya kuvaa. Baada ya miaka miwili, wasiokuwa na chombo walikuwa wamepungua kilo 5.9, na waliokuwa nacho kilo 3.5. Huu ni uchunguzi mmoja, na si hoja ya kuzitupa saa zote. Walakini watosha kutuonya kwamba kuhesabu kazi si sawa na kuifanya.

Tuziache nchi za mbali tupande vilima vya Iveti, juu ya mji wa Machakos. Vilima hivi vimekatwa matuta kutoka chini hadi juu, kazi iliyofanywa na vizazi kwa majembe tangu siku za kabla ya uhuru. Mojawapo ya njia za kuchimba matuta hayo imepewa jina la Kiswahili, nalo limeenea mpaka katika vitabu vya kilimo vya mataifa mengine: fanya juu. Mtu huchimba mtaro kufuata ubavu wa kilima, akatupa udongo upande wa juu ili uwe ukingo wa kuzuia mvua isichukue rutuba. Sasa mvike saa mchimbaji huyo. Kwa saa tatu amesimama karibu mahali pamoja, kwa hiyo hatua zake ni chache. Mkono wake umelikaza jembe na kutikiswa kila linapogonga ardhi, kwa hiyo mwanga husoma kwa shida. Jioni chombo chaweza kumwambia kwamba leo amekuwa mvivu!

Mtazame na mama apandaye kutoka mtoni na mtungi wa lita 20 mgongoni, ukanda ukiwa kipajini, na mikono yake ikiushika ukanda huo. Maji hayo yana uzito wa kilo 20. Saa huzijua hatua kwa kutikisika kwa mkono. Mkono usiotikisika huipotezea nyingi, na mzigo wenyewe haiujui kabisa. Kwa hiyo mama huyo huandikiwa pungufu ya mtu aliyetembea mikono mitupu kwenye uwanja ulionyooka. Kasoro hii yatufundisha kwamba kila kipimo kina mtu aliyekusudiwa na mtengenezaji. Saa ya mapigo ilibuniwa kwa ajili ya mtu ambaye kazi yake ni kukaa na mazoezi yake ni kutembea au kukimbia. Huyo humtumikia vyema. Ukiichukua ikupimie kazi ya shamba, usiilaumu shamba.

Lakini kosa lililo kubwa kuliko yote halimo katika saa. Limo katika fikira zetu. Watu wengi hudhani kwamba mapigo ya moyo na shinikizo la damu ni kitu kimoja. Sivyo. Mapigo ni idadi ya mara moyo upigazo kwa dakika. Shinikizo ni nguvu ya damu inaposukuma kuta za mishipa. Moyo waweza kupiga mara 70 kwa dakika, idadi isiyo na lawama, na papo hapo shinikizo likawa 180 kwa 110, kiasi cha kuhatarisha figo, ubongo na moyo wenyewe. Saa nyingi za mkononi hazipimi shinikizo, na baadhi ya zile zisemwazo kwamba hupima zahitaji kwanza kusawazishwa na mashine yenye mkanda wa kujaza hewa, ile ile iliyoko zahanati.

Hapa ndipo penye hatari ya kweli. Uchunguzi wa afya uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba mtu mzima mmoja katika kila wanne hivi alikuwa na shinikizo la damu lililozidi, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajapimwa kamwe. Tuseme kijana wa Kathiani au Mwala ameajiriwa Nairobi, na kwa mapenzi yake amemnunulia baba yake saa ya mapigo. Mzee huitazama kila asubuhi, akaona 72, akashukuru Mungu, na akaacha kwenda zahanati. Zawadi hiyo imekuwa pazia. Fedha zile zile, au pungufu yake, zingaliweza kununua mashine ya kupimia shinikizo nyumbani, au kumlipia nauli ya kwenda kupimwa mara nyingi. Mwanafunzi usomaye maneno haya, yamkini wewe ndiwe mtu wa kwanza nyumbani kwenu atakayeijua tofauti hii. Usiifiche.

Wapendao mbio watauliza: na mwanariadha je? Machakos ina haki ya kujibu swali hilo. Cosmas Ndeti, mzaliwa wa Machakos, alishinda mbio za marathoni za Boston miaka mitatu mfululizo, 1993, 1994 na 1995, na ule wa pili alitumia saa 2, dakika 7 na sekunde 15. Miaka hiyo saa za mapigo za namna ya leo zilikuwa hazijafika madukani. Patrick Makau, mzaliwa wa pande za Tala, alivunja rekodi ya dunia mjini Berlin tarehe 25 Septemba 2011, kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 38. Ushindi wa watu kama hao hutokana na miaka ya mazoezi, waalimu wazuri, wenzi wa kukimbia nao, na vilima vya nyumbani vilivyowakomaza. Kwa upande wa pili, Eliud Kipchoge, aliyekimbia marathoni mjini Vienna mwaka 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, huvaa saa ya kisasa. Walakini amejulikana pia kwa kuandika mazoezi yake kwa mkono katika daftari. Kwa mkimbiaji mwenye mwalimu na mpango, saa ni msaidizi mwema. Kwa asiye na mpango, ni pambo.

Tena ujihadhari na hesabu ambazo saa nyingi huziegemea. Kanuni mashuhuri husema: toa umri wako katika 220, utapata mapigo ya juu kabisa ya moyo wako. Kwa mtu wa miaka 16 jibu ni 204. Kanuni hii ni kadirio la wastani. Watu wawili wa umri mmoja waweza kuhitilafiana kwa mapigo 20. Na mapigo yenyewe hupanda kwa sababu nyingi: homa, joto, hofu ya mtihani, kukosa usingizi. Mgeni aliyetoka Mombasa penye usawa wa bahari, akifika Machakos kiasi cha mita 1,600 juu yake, aweza kuona moyo wake ukienda mbio zaidi kuliko kwao ingawa hana ugonjwa. Saa hutoa tarakimu. Maana ya tarakimu hutafutwa na akili.

Hukumu yangu basi ni hii. Saa ya mapigo yafaa kwa mgonjwa aliyeshauriwa na daktari, kwa mwanariadha aliye chini ya mwalimu, na kwa mtu wa ofisini ahitajiye kukumbushwa kusimama. Haifai ikinunuliwa badala ya daktari, wala haifai kwa mwanafunzi ambaye mzazi wake atakopa ili aipate. Na anayeinunua akumbuke kwamba habari za mwili wake zaweza kusafiri mpaka katika hazina za kampuni iliyoitengeneza. Asome masharti kabla ya kukubali.

Wewe usiye na saa hiyo hukunyimwa elimu yake. Uamkapo asubuhi, kabla ya kuinuka kitandani, weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, chini ya kidole gumba cha mkono wa pili, uutafute mshipa. Hesabu mapigo kwa sekunde 30 kwa saa yoyote ya ukutani, kisha uzidishe kwa mbili. Kwa mtu mzima aliyetulia, idadi ya kawaida ni kati ya 60 na 100. Iandike katika daftari kila siku kwa mwezi mmoja, na kando yake uandike ulivyolala na ulivyofanya kazi. Ukipanda kilima na bado waweza kuzungumza na mwenzako, mwendo wako ni wa kadiri. Ukishindwa kutamka zaidi ya maneno machache, umefika kwenye mwendo mzito. Idadi ikipanda siku kadhaa bila sababu, pumzika, au uende kwa mwuguzi. Na siku utakayokwenda, mchukue mzee wako, mkanda wa shinikizo ufungwe mkononi mwake kwanza.