Thalberg na Utungo Usio na Kaditama

Katika kaditama ndipo mtunzi wa mwambao anapojitaja. Hutaja jina lake, pengine na mji wake, kisha huwaomba radhi wasomaji kwa lahani watakazoziona. Mambo hayo mawili hayaachani: mwenye kudai sifa za utungo ndiye huyo huyo anayejitolea kubeba lawama zake.

Irving Thalberg hakupenda kujitaja. Tangu studio ya MGM ilipoundwa huko California mwaka 1924, yeye ndiye aliyesimamia utengenezaji wa filamu zake, naye alikataa jina lake lisionekane katika kazi alizozitayarisha. Waliomwandika wameuita unyenyekevu. F. Scott Fitzgerald, aliyewahi kuiandikia studio hiyo, alimfanya kiolezo cha shujaa wa riwaya yake ya mwisho, *The Last Tycoon*, iliyotoka mwaka 1941 ikiwa haijakamilika. Na tangu hapo sura ya kijana mwenye hekima na maradhi imetanda juu ya kila hukumu. Hata hivyo, unyenyekevu huo una upande wa pili.

Alizaliwa Brooklyn mwaka 1899 akiwa na kasoro ya moyo, na madaktari hawakumtarajia kuishi maisha marefu. Alianza kazi ya ukarani katika kampuni ya Universal, na alipofikia umri wa miaka 21 tayari alikuwa akiisimamia studio nzima.

Kipaji chake kilikuwa cha sikio. Filamu ilipokamilika, aliionyesha kwanza kwa watazamaji wa kawaida, akasikiliza wapi wanacheka na wapi wanachoka, kisha akairudisha ikapigwe upya. *The Big Parade* ya King Vidor (1925) ilipata mandhari zake kubwa za vita kwa sababu Thalberg hakuridhika na ile ya awali. Kabla ya *A Night at the Opera* (1935), ndugu wa Marx walipelekwa jukwaani wakavijaribu vichekesho vyao mbele ya watu. Mshairi anayeusoma utungo wake barazani kabla ya kuuandika safi atamwelewa vizuri.

Lakini sikio hilo lilikuwa na mkasi. Erich von Stroheim aliigeuza riwaya ya Frank Norris, *McTeague*, kuwa filamu ya zaidi ya saa saba, akaiita *Greed*. Aliipunguza mwenyewe, rafiki yake Rex Ingram akasaidia kuipunguza tena, na hatimaye studio ikaikata mpaka yakabaki masaa mawili na kitu. Watetezi wa Thalberg husema hakuna ukumbi ambao ungeionyesha ile ndefu. Ni kweli. Ila kufupisha ni jambo moja na kupoteza ni jingine: vipande vilivyokatwa havikuhifadhiwa, na mpaka leo havijapatikana. Filamu ilitoka Desemba 1924 na jina la Stroheim juu yake. Aliyekatwa ndiye aliyetajwa.

Kwa waandishi mambo yalikuwa magumu zaidi. Thalberg alikuwa na desturi ya kuwapa watu kadhaa hadithi moja, pengine bila wao kujuana, kisha akaunganisha alichokipenda. Waandishi walipoanza kuunda chama chao katika miaka ya 1930, alikipinga kwa nguvu. Hapa kutokuwa na jina si tabia ya mtu mmoja mpole tena. Ni utaratibu wa kazi, na wanaoumizwa nao ni wengine.

Mwaka 1929 utaratibu huo ulifika Afrika Mashariki. MGM ilimtuma W. S. Van Dyke na kikosi chake kuja kupiga *Trader Horn*, ingawa kitabu chenyewe kinahusu biashara ya Afrika Magharibi. Mwigizaji Edwina Booth alirudi kwao na maradhi yaliyomsumbua kwa miaka, akaishtaki studio. Mutia Omoolu, Mkenya, alipelekwa California kumalizia sehemu yake. Ilipotoka mwaka 1931, jina la Omoolu lilikuwamo miongoni mwa waigizaji wa filamu inayowaonyesha Waafrika kama washenzi wa kutisha. Mtayarishaji aliyeiidhinisha hamo.

Thalberg alifariki tarehe 14 Septemba 1936 kwa homa ya mapafu, akiwa na umri wa miaka 37. Mwaka uliofuata ilitoka *The Good Earth*, kisa cha wakulima wa Kichina ambacho wahusika wake wakuu waliigizwa na Wazungu waliopakwa rangi. Humo ndimo studio ilipoliweka jina lake, katika tabaruku fupi ya kumkumbuka. Liliandikwa na wengine, tena mwanzoni, na radhi haikuombwa.