Mpinzani Aliye Chini ya Mguu

Uwanja wa Taifa wa Japani, ambamo mkimbiaji Mkenya Beatrice Chebet alitwaa dhahabu za dunia za mita 10,000 na mita 5,000 mnamo Septemba 2025, umejengwa pale pale uliposimama uwanja mkuu wa Olimpiki ya 1964. Katika uwanja ule wa zamani mwana mwingine wa Kericho, Wilson Kiprugut Chumo, aliipatia Kenya medali yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki, miezi kumi tu baada ya uhuru. Wawili hao wametoka nyanda zile zile za chai, wakapata heshima mahali pamoja jijini Tokyo. Walichokanyaga, hata hivyo, ni vitu viwili tofauti.

Chebet alikimbia juu ya sakafu ya mpira, ambayo Wakenya huiita tartan hata ikiwa imetengenezwa na kampuni nyingine. Kiprugut alikimbia juu ya mabaki ya makaa ya mawe yaliyosagwa na kushindiliwa. Njia ya namna hiyo huchimbika. Ukingo wa ndani, ambao ndio mfupi na ndio unaogombewa na kila mtu, huvurugika upesi. Msumari wa kiatu huzama, na nguvu ambayo ingemsukuma mtu mbele huishia ardhini. Mkimbiaji hubaki na hesabu ya papo kwa papo: abane ndani aokoe hatua, au atoke nje apate pa kukanyaga? Na wenzake wanapiga hesabu hiyo hiyo, bega kwa bega. Katika fainali ya mita 800 Kiprugut aligongana na George Kerr wa Jamaika, akapepesuka, mwendo ukakatika. Alijikusanya akamaliza wa tatu kwa 1:45.9, Kerr nyuma yake kwa muda huo huo. Peter Snell wa New Zealand alikuwa amekwisha kuchukua dhahabu.

Hiyo ilikuwa Olimpiki ya mwisho kukimbiwa juu ya makaa. Miaka minne baadaye, Mexico City, sakafu ya kisasa ilitandikwa kwa mara ya kwanza, na Kiprugut akawa miongoni mwa watu wachache waliopata medali ya mbio zile zile kabla na baada ya mageuzi hayo. Safari hii hakungoja kusongwa na mtu: alishika uongozi mapema, akaulinda hadi mnyoosho wa mwisho, ndipo Ralph Doubell wa Australia akampita. 1:44.3 dhidi ya 1:44.5. Mji ule uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa mtu wa Kericho hewa kama ile si ngeni. Muda wa Doubell ulilingana na rekodi ya dunia ya Snell. Ajabu ni kwamba Snell aliiweka rekodi hiyo Christchurch, mwaka 1962, juu ya nyasi! Anayeamini kwamba sakafu ndiyo hukimbia, na mtu hubebwa tu, ana kazi ya kulieleza hilo.

Wapenzi wa tenisi wamebishana juu ya jambo hili kuliko watu wote. Roger Federer na Rafael Nadal walikutana mara 40, Nadal akashinda 24. Ukiondoa mechi za uwanja wa udongo, ambako Nadal alishinda 14 na kupoteza 2, ni Federer anayeongoza, 14 kwa 10. Mwezi Mei 2007 huko Mallorca waandaaji walijenga uwanja wa ajabu, nusu udongo na nusu nyasi, ili ubishi ukome. Nyasi zilishambuliwa na wadudu, ikabidi zibadilishwe dakika za mwisho. Wachezaji nao walikuwa wakibadilisha viatu kila walipobadilishana upande. Nadal alishinda kwa taabu katika seti ya tatu, na ubishi haukukoma. Kilichoonekana wazi siku ile ni kwamba kila mmoja alikuwa na upande wake wa nyumbani na alikuwa mgeni kwenye ule mwingine.

Mwanariadha hapati anasa hiyo. Msimu mmoja humtoa kwenye nyasi za mbio za nyika, ukampitisha kwenye lami, ukamfikisha kwenye tartan, na mwili ni ule ule.

Kericho na Bomet ni shule kali kwa jambo hilo. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima, mara nyingi alasiri, na barabara za udongo mwekundu kati ya mashamba ya chai huwa utelezi ambao wachuma chai wenyewe huukanyaga kwa adabu. Hatua ndefu humwangusha mtu hapo. Anayekimbia hujifunza kufupisha hatua na kuongeza idadi yake, kutua mguu ukiwa chini ya kiuno na si mbele yake, kulegeza mabega, kuuacha mlima umpunguzie kasi bila kumvunja mdundo. Hakuna mwalimu anayeweza kuyasema hayo yote kwa filimbi. Ndiyo maana ufundi huu hudharauliwa: hauonekani mpaka mwenye nao awekwe kando ya asiye nao, kwenye ardhi isiyo na huruma.

Chebet, aliyenolewa katika kambi ya Lemotit huko Londiani, alionekana hivyo. Mwaka 2019 mashindano ya dunia ya mbio za nyika ya Aarhus, Denmark, yalipitishwa juu ya paa la jumba la makumbusho la Moesgaard, paa la mteremko lililooteshwa nyasi. Alishinda mbio za vijana huku Waethiopia wawili waliomfuata wakiandikiwa muda sawa na wake, 20:50. Mashindano hayo yalipofika Bathurst, Australia, mwaka 2023, Letesenbet Gidey wa Ethiopia aliongoza hadi utepe ukawa unaonekana; zikiwa zimebaki hatua chache miguu ikamgomea, akaanguka, na Chebet aliyekuwa akimfukuza akapita. Wengine waliiita bahati. Lakini kilomita kumi za vilima zina namna ya kudai deni mwishoni, na aliyekuwa bado na miguu ya kukimbia ni yule aliyeitumia kwa uchache njiani.

Isidhaniwe kwamba ni matope dhidi ya tartan. Waethiopia nao wana misitu na vilima vya Entoto, na uhasama wa mataifa haya mawili umepamba moto kwa sababu wote wamelelewa na milima. Kipimo kizuri zaidi ni Hayward Field, Eugene, Marekani, ambako sakafu ni moja na visingizio havipo. Mwaka 2022 Mwethiopia Gudaf Tsegay alimshinda Chebet hapo kwa chini ya nusu sekunde katika fainali ya dunia ya mita 5,000. Septemba 2023 alimshinda tena, akiweka rekodi ya dunia ya 14:00.21.

Kisha Chebet akaenda zake kwingine. Oktoba alikuwa bingwa wa dunia wa kilomita 5 barabarani huko Riga. Siku ya mwisho ya mwaka akaweka rekodi ya mbio za wanawake pekee za umbali huo kwenye lami ya Barcelona, 14:13. Machi 2024 akatetea taji la nyika Belgrade, Wakenya wakizoa nafasi tano za kwanza. Majuma manane baadaye alirudi Eugene, akakimbia mita 10,000 kwa 28:54.14, mwanamke wa kwanza kushuka chini ya dakika 29. Tsegay alikuwa wa pili, karibu sekunde 12 nyuma. Na Julai 2025, kwenye sakafu ile ile ambayo rekodi ya mita 5,000 ilikuwa imeandikwa mbele ya macho yake akiwa wa pili, Chebet aliivunja: 13:58.06. Agnes Ngetich akafuata, Tsegay akawa wa tatu.