Nishani na Mwenyewe

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Julai 1973, baada tu ya saa sita, moto ulizuka katika ghorofa ya sita ya jengo la serikali lililohifadhi majalada ya wanajeshi wa Marekani, nje kidogo ya St. Louis. Uliwaka kwa siku kadhaa. Ulipozimwa, majalada yapatayo milioni 16 hadi 18 yalikuwa yameteketea, yakiwemo asilimia 80 hivi ya kumbukumbu za askari wa nchi kavu walioacha jeshi kati ya Novemba 1912 na Januari 1960. Nakala hazikuwepo. Hata orodha kamili ya majina yaliyoungua haikuwepo.

Naanza na moto huo kwa sababu ndio unaonifanya niiheshimu kazi ya watu wanaokusanya na kuuza nishani za kale za jeshi la Marekani. Wapo wanaoiona kazi hii kuwa ni kufanya biashara kwa jasho na damu ya wengine. Mimi siioni hivyo. Jalada likishaungua, kinachobaki cha askari ni kile kilichokuwa nyumbani kwake: nishani kwenye kisanduku, cheti cha kuachishwa kazi, picha mbili tatu, pengine telegramu iliyomwarifu mama kwamba mwanawe ameuawa. Mzee akifa na watoto wakiwa mbali, vitu hivyo huuzwa pamoja na viti na sufuria, na mara nyingi mtu wa kwanza asiye wa ukoo kuvishika ni mnunuzi. Mnunuzi huyo akiwa mjuzi na mwaminifu, askari hubaki na jina lake. Akiwa hajui au hajali, jina lile hupotea, na safari hii hakuna moto wa kulaumiwa.

Ujuzi huo umo machoni na mikononi. Chukua Victory Medal, nishani ya ushindi waliyopewa Wamarekani waliohudumu katika Vita Kuu ya Kwanza. Ni duara la shaba nyeusi lenye upana wa milimita 36, kazi ya James Earle Fraser, mchongaji yule yule aliyebuni sarafu yao ya senti tano yenye nyati. Mbele amesimama mwanamke wa ushindi mwenye mabawa, ana upanga na ngao. Nyuma yameandikwa majina ya nchi zilizokuwa upande mmoja, kuanzia Ufaransa hadi Brazili na China. Utepe wake ni wa rangi za upinde wa mvua zilizopangwa mara mbili, nyekundu zikikutana katikati. Juu ya utepe huo huvishwa vibamba vyembamba vya shaba, na kila kibamba kina jina la pigano ambalo askari alikuwemo: Meuse-Argonne, St. Mihiel, Aisne-Marne. Wanamaji wana vya kwao, vinavyotaja kazi ya meli. Waliopelekwa Siberia wana kibamba chenye jina hilo, na hicho hakionekani kila siku.

Udanganyifu huingia hapo hapo kwenye vibamba. Nishani tupu ni rahisi, yenye vibamba adimu ni ghali, na kibamba huteleza juu ya utepe kwa urahisi. Mjuzi haanzi na kibamba chenyewe. Anakisogeza taratibu kidogo juu, anatazama hariri iliyokuwa chini yake. Kibamba kilichokaa mahali pamoja kwa miaka 100 huacha alama: pale kilipofunika, rangi imebaki nzito, na pale palipokuwa wazi pamepauka kwa mwanga. Utepe uliopauka sawasawa chini na juu unamwambia kwamba kibamba kimekuja baadaye. Kisha anazima taa na kuimulika nishani kwa miale ya urujuanimno. Nyuzi nyingi za kisasa zina kemikali ya kung'arisha weupe, nazo huwaka samawati gizani. Hariri ya zamani haiwaki namna hiyo. Utepe unaowaka hautoshi kuifanya nishani kuwa bandia, maana tepe huchakaa na wenyewe huzibadilisha, lakini muuzaji mwaminifu hulisema jambo hilo kabla hajaulizwa.

Tena mjuzi haisugui nishani. Hilo ndilo somo la kwanza la mwanagenzi, na ndilo linalowashinda warithi wengi. Mtu anarithi nishani ya babu, anaiona imeingia weusi, anachukua kitambaa na Brasso, na kwa dakika tano anaondoa ngozi ambayo shaba ilijijengea kwa karne nzima. Inang'aa kweli, lakini ile dalili ya umri ambayo mjuzi angeisoma imekwenda na kitambaa, na haitarudi.

Ugumu mkubwa ni kwamba Victory Medal haikupigwa jina. Waingereza walikuwa na desturi nyingine. Nishani yao ya Vita ya 1914–1920 aliyopewa askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi lao la Afrika Mashariki, ina namba yake, cheo chake na jina lake ukingoni, kwa hiyo mjukuu anaweza kuigeuza pembeni na kumsoma babu. Jeshi la Marekani, katika nishani za kampeni za mwanzo wa karne ya 20, lilipiga namba tu. Lilipoanzisha nishani ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, miaka 40 hivi baada ya vita hivyo kwisha, kila moja ilipewa namba ukingoni, na ndivyo ilivyofanywa kwa nishani za vita na Hispania, za Ufilipino na za China. Namba hiyo ina maana pale tu inapokutana na orodha ya waliogawiwa. Mkusanyaji hodari hukaa na orodha zilizosalia, tarakimu moja baada ya nyingine, mpaka namba igeuke mtu mwenye kikosi, mahali alipoandikishwa na tarehe aliyoacha jeshi.

Kwangu, utamu wa kazi hii umo hapo. Ziko namba zinazoongoza kwa askari weusi wa vikosi vya 9 na 10 vya wapandafarasi na vya 24 na 25 vya waendao kwa miguu, wengi wao wakiwa wamezaliwa utumwani au wamelelewa na wazazi waliokuwa watumwa. Magazeti ya wakati wao hayakuwajali sana. Namba ukingoni mwa shaba iliwahesabu sawa na wengine, na leo kuna mtu mezani kwake anayeifuata hadi kwenye jina kamili.

Nishani ya vita dhidi ya wenyeji wa asili wa Marekani nayo ina namba, na ina habari nyingine kwenye utepe. Ilipoanzishwa mwaka 1907 utepe wake ulikuwa mwekundu mtupu. Mwaka 1917 ukaongezwa mistari myeusi kwa sababu ulifanana mno na utepe wa nishani ya Légion d'honneur ya Ufaransa. Kadhalika, utepe wa nishani ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe ulibadilishwa mwaka 1913 ukawa wa buluu na kijivu, rangi za sare za majeshi mawili yaliyouana. Anayejua mabadiliko haya hukadiria umri wa utepe kwa kuutazama tu. Nami sioni sababu ya kuificha nishani ile ya 1907 kwa aibu. Ni ushahidi kwamba taifa liliwapa watu heshima kwa kuwanyang'anya wengine ardhi, na ushahidi wa namna hiyo unapaswa kutunzwa, uandikwe vizuri na uonyeshwe.

Kuna dhambi moja katika biashara hii ambayo sina huruma nayo, nayo ni kuvunja kundi. Kundi ni nishani zote za mtu mmoja pamoja na karatasi zake. Nishani ya ushindi ya Vita Kuu ya Pili ikiwa peke yake haizidi sana bei ya chakula cha mchana mgahawani, maana Wamarekani wapatao milioni 16 walihudumu katika vita vile. Nishani hiyo hiyo ikikaa pamoja na Purple Heart, cheti cha jeshi na barua za mwenyewe inakuwa maisha ya mtu. Lakini mwenye tamaa anajua kwamba vipande vikiuzwa mbalimbali, huyu akichukua nishani, yule beji, mwingine barua, pengine atapata zaidi. Akishafanya hivyo hakuna awezaye kuvikusanya tena. Kwenye maonyesho makubwa ya vitu vya kijeshi yanayofanyika kila Februari huko Louisville, Kentucky, na miongoni mwa wanachama wa Orders and Medals Society of America, chama kilichopo tangu 1950, wapo wauzaji ambao sifa yao yote imejengwa juu ya kukataa kuvunja makundi. Hao ndio ninaowasifu.

Purple Heart inahitaji maneno yake. George Washington alianzisha beji ya moyo wa kitambaa cha zambarau mwaka 1782, ikasahaulika, ikafufuliwa tarehe 22 Februari 1932, miaka 200 tangu azaliwe, ikaja kuwa nishani ya waliojeruhiwa na waliouawa vitani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili zilitengenezwa nyingi sana kwa kutarajia kuivamia Japani, jambo ambalo halikufanyika, hata karibu nusu milioni zikabaki baada ya vita na zikaendelea kugawiwa kwa miongo mingi. Zilizotolewa kwa ajili ya waliouawa mara nyingi zimechorwa jina nyuma, chini ya maneno ya heshima. Jina hilo hupandisha bei, na kwa hiyo huwavuta wachoraji wa uongo. Mjuzi hulinganisha umbo la kila herufi na michoro inayojulikana kuwa ya kweli, kama karani wa benki anavyolinganisha saini.

Je, nishani ya namna hiyo iuzwe? Medal of Honor, iliyo ya juu kuliko zote, sheria ya Marekani inakataza kuiuza, na naunga mkono. Kwa Purple Heart hakuna katazo kama hilo. Mwanajeshi mmoja, Zachariah Fike, alipewa na mama yake Purple Heart ya askari Corrado Piccoli, aliyeuawa Ufaransa mwaka 1944. Mama aliikuta katika duka la vitu vya kale. Fike aliitafuta familia, na kutokana na safari hiyo ikazaliwa Purple Hearts Reunited, shirika linalorudisha nishani kwa ndugu. Nalipenda shirika hilo. Hata hivyo siafiki wanaomlaumu kila mkusanyaji. Familia nyingi ziliuza zenyewe, nyingine hazina tena mtu, na nishani iliyofanyiwa utafiti miaka mingi na kuhifadhiwa pamoja na karatasi zake iko salama kuliko ile iliyotupwa darini. Ndugu wakipatikana na wakiitaka, waelezwe ilipo na wapewe nafasi ya kwanza. Wauzaji bora hufanya hivyo.

Maana nchi yenyewe huchelewa kuwaheshimu askari wake. Henry Johnson, askari mweusi wa kikosi cha 369 cha New York kilichopigana chini ya Wafaransa, alipewa na Ufaransa msalaba wa ushujaa, Croix de Guerre, mwaka 1918. Alikufa mwaka 1929 bila nishani ya ushujaa ya nchi yake. Purple Heart ilikuja mwaka 1996, Medal of Honor mwaka 2015. Mkusanyaji anayekuta msalaba wa Kifaransa umelala pamoja na Victory Medal ndani ya kisanduku kimoja anapaswa kusita na kuuliza ni za nani kabla ya kuuliza ni za kiasi gani.

Wewe unayesoma haya, huenda kwenu kuna nishani ya babu aliyepigana akiwa katika KAR huko Burma, katika Vita Kuu ya Pili. Nyota ya shaba waliyopewa waliopigana huko, tofauti na ile nishani ya Vita Kuu ya Kwanza, haikupigwa jina. Usiisugue. Ipige picha mbele, nyuma na ukingoni. Waulize wazee waliobaki jina lake lote, kikosi chake na kijiji alichotoka, uyaandike kwenye karatasi na kuiweka pamoja nayo. Na siku shida ikikulazimisha kuiuza, uza vyote kwa mtu mmoja, karatasi ikiwemo.