Penzi Lililozidiwa na Intore

Anayesomea filamu hapa Kigali na kutaka kujua jinsi penzi linavyoharibikia kwenye mswada, aanze na King Solomon's Mines, filamu ya MGM ya mwaka 1950. Sehemu yake ya mwisho ilipigwa picha Rwanda, enzi za Mwami Mutara Rudahigwa. Ilitwaa Oscar mbili, ya upigaji picha na ya uhariri, na zote ilizistahili. Kilichoiangusha ni mapenzi.

Katika riwaya ya Rider Haggard ya mwaka 1885, ambayo filamu iliitegemea, msafara hauna mwanamke wa Kizungu. Wanaopendana ni Kapteni Good, Mwingereza, na Foulata, msichana Mwafrika aliyemuuguza mpaka akapona. Haggard alimuua Foulata kabla penzi halijafika popote, ila angalau alikubali kwamba lipo. Hollywood haikuthubutu kufika hata hapo, kwa kuwa kanuni zake za maadili zilikataza mapenzi ya Mzungu na mtu mweusi. Foulata akafutwa. Good akafanywa kaka wa Elizabeth Curtis, mhusika mpya aliyeigizwa na Deborah Kerr, anayemkodi mwindaji Quatermain, yaani Stewart Granger, amtafutie mumewe aliyepotea.

Hapo penzi likabaki bila kizuizi cha maana. Waandishi wakaziba pengo kwa mtindo mmoja: wawili wagombane, mnyama atokee, mwanamke apige ukelele, mwanamume amkinge. Ukirudia hivyo mara kadhaa, mtazamaji anamsubiri mnyama, si busu. Tazama pale Kerr anapojikata nywele kwa mkasi kando ya maji. Picha inayofuata, nywele zimekaa mawimbi sawasawa, kana kwamba katoka saluni. Msafara wote wa jasho na vumbi unakosa ukweli kwa mkato huo mmoja.

Jambo la kijasiri ni kwamba filamu haina muziki wa okestra. Tunasikia ngoma na nyimbo za Kiafrika tu. Nausifu sana uamuzi huo. Lakini bila fidla za kuwabeba, macho ya waigizaji yalipaswa kufanya kazi yote, na hayakuiweza.

Kisha tunafika Rwanda, na intore, wacheza ngoma wa Kinyarwanda, wanaingia. Kamera inarudi nyuma, safu nzima inaenea ndani ya fremu, miguu inagonga ardhi kwa pigo moja, na mhariri anaacha ngoma iende. Siriaque, Mnyarwanda anayemwigiza Umbopa, mmoja wa wanamsafara, anasimama kimya akiwa na uzito ambao Granger haupati kwa maneno mengi. Inaniuma kwamba kwenye orodha ya waigizaji jina la Siriaque limeandikwa neno moja tu, likifuatwa na kabila lake, na kwamba kila ngoma inapokolea tunakatiwa kwenye nyuso za wageni wakitazama. Mwanamke wa Kinyarwanda mwenye neno la kusema hayumo kabisa.

Mwaka 1959 MGM ilichota picha zilizobaki ikatengeneza filamu nyingine, Watusi. Kerr na Granger hawakuhitajika.