Kafiri, Mshenzi na Hirizi: Suala la Upagani katika Tenzi za Pate na Siyu

Neno mpagani si la Siyu. Limeenea katika Kiswahili kupitia maandishi ya Kikristo, na watunzi wa kale wa kisiwa cha Pate hawakulihitaji. Wao walikuwa na kafiri, neno la elimu ya dini, na mshenzi, neno la mipaka ya mji. La kwanza humpima mtu kwa Kitabu. La pili humpima kwa uungwana. Mhakiki anayeyachanganya huishia kudai kuwa tenzi hizo zimehifadhi kumbukumbu za imani zilizotangulia Uislamu. Dai hilo ni dhaifu. Huko Shanga, karibu na Siyu, wanaakiolojia wamefukua msikiti wa karne ya 8. Mtunzi wa karne ya 18 alitenganishwa na “kabla ya Uislamu” kwa takriban miaka elfu moja.

Tuanze na kafiri. Katika Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Mwengo bin Athumani mwaka 1728, kafiri mkuu ni Herkal, mfalme wa Rumi, naye ni Mkristo. Wareno, waliofukuzwa Mombasa mwaka 1698, walirejea huko mwaka huohuo wa 1728, hivyo hadhira haikukosa adui wa kumfananisha naye. Imani ya Herkal hutajwa ili ikanushwe. Atafutaye humo itikadi za wapagani anabisha mlango usio wake.

Utendi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, una utajiri zaidi. Humo wamo Wagala (jina la dharau walilopewa Waoromo), na wamo wawindaji wa bara, Wasanye na Wadahalo. Waoromo walimwamini Waaqa, Mungu mmoja wa mbinguni. Utendi haulisemi hilo. Wagala wanastaajabia nguvu za Liyongo na kutaka mbegu yake, basi anaozwa binti yao bila mjadala wa dini. Wawindaji nao wanakula kikoa pamoja na shujaa chini ya mkoma, kwa zamu, kama wafanyavyo waungwana. Njama ya kumwua imetoka kwa Sultani wa Pate, wala si katika ushenzi wao. Isitoshe, lile ambalo msomaji wa leo angeliita la kipagani limo mwilini mwa shujaa mwenyewe: hauawi ila kwa sindano ya shaba kitovuni. Siri hiyo haina aya wala hadithi ya kuitegemeza, na Kijumwa, mwandishi Mwislamu, anaipitisha bila kuikemea. Mizani ya ushenzi, basi, haikuwa imani.

Siyu penyewe panatupa ushahidi mwembamba lakini mkali zaidi. Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyempinga Sayyid Said, alimtungia bintiye utendi mwaka 1858. Wosia wake wa kwanza ni kushika dini. Hata hivyo, kabla ya wosia huo, maneno yake anayaita hirizi, ya kufungwa barabara kwa uzi. Wahakiki hulipita sitiari hilo upesi mno. Siyu ilisifika kwa nakala zake za Kurani na kwa kazi ya ngozi, na hirizi ni ndoa ya fani hizo mbili: andiko lililoshonewa ndani ya ngozi. Lau kilichofungwa kingekuwa mzizi, tendo lilelile lingeitwa ushenzi. Kinachotofautisha ni wino, na mtunzi anaanza utendi wake kwa kuagiza wino na karatasi.

Mshenzi naye yumo katika utendi huo, ingawa hatajwi kwa jina hilo. Binti anaonywa asichangamane na watumwa ila wakati wa kazi, wasije wakamvuta kwenye maovu. Wengi wa watumwa hao walitoka bara, wakiwa na pepo na mizimu yao. Mama haulizi wanaamini nini. Anachojali ni saa ngapi binti yake atakaa nao jikoni.