Shujaa Asiyeshindika

Mjukuu wangu alikuja Gorong'a kwa likizo akiwa na mfuko wa dadu, mojawapo ikiwa na pande 20. Alinieleza kuwa ni za mchezo uliochapishwa kwanza Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Wachezaji huketi kuizunguka meza. Mmoja huwa msimulizi, na kila mmoja wa wengine hujitwalia mhusika na kuandika kwenye karatasi nguvu na udhaifu wake. Msimulizi hueleza hatari iliyo mbele, mchezaji husema atafanya nini, dadu huamua. Nikamwambia huo ni utambaji wa ngano, ila fanani amewagawia hadhira madaraka.

Yeye ndiye msimulizi wa kundi lake, na mchezaji mmoja amejikusanyia silaha na uganga mwingi hata hakuna adui amwezaye. Wenzake wamebaki watazamaji. "Babu, nimnyang'anye upanga, au nimletee majini makubwa zaidi?"

Swali hilo si geni katika fasihi yetu. Njia ya majini makubwa tunaijua kwa Willy Gamba wa Elvis Musiba. Nilimpenda tangu Kufa na Kupona ilipotoka mwaka 1974, na sijutii mafuta ya taa niliyoyachoma nikimsoma. Lakini ukweli usemwe: adui wakiongezeka, naye huongezeka, na msomaji hana wasiwasi hata kidogo. Tunasoma kuona atatokaje, si kama atatoka.

Njia ya kunyang'anya iko katika hadithi ya Lwanda Magere, ambayo majirani zetu Wajaluo huisimulia kwa majivuno yanayowastahili. Mwili wake ulikuwa jiwe. Mikuki ya adui iliteleza. Adui wakampa binti yao awe mkewe. Siku alipougua, alimwambia mke achanje kivuli chake badala ya mwili ili ampake dawa, na damu ikatoka kivulini. Binti akatoroka na siri. Vita vilivyofuata, mkuki ukachoma kivuli. Hadithi inapendeza, lakini mimi hunikera kidogo: nguvu zote zinafungwa kwa ufunguo mmoja, na ufunguo ukishapatikana hakuna zaidi la kuuliza.

Utendi wa Fumo Liyongo, alioutunga Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913 kutokana na masimulizi ya kale, nao una ufunguo wake: sindano ya shaba kitovuni. Nilipokuwa nikiufundisha, wanachuo walikimbilia sindano hiyo kana kwamba ndiyo utendi wote. Tazama yanayotangulia. Wanaotaka kumwua wanamwalika kwenye kikoa cha kula makoma. Kila mmoja hupanda mkoma kwa zamu yake, na mpango ni kumpiga mishale akiwa juu. Zamu yake inapofika, Liyongo hapandi. Anaangusha makoma kwa mishale akiwa chini. Anapofungwa gerezani, misuli haimsaidii. Kinachomsaidia ni mama yake, kijakazi Saada, na mkate wa makapi ambao walinzi wanaudharau, kumbe tupa imo ndani. Halafu anaomba ngoma ya gungu ipigwe, na watu wanamwimbia huku kelele zao zikificha sauti ya tupa inayokata pingu.

Mtunzi hakumpunguzia Liyongo nguvu hata chembe. Alimweka mahali ambapo nguvu si jibu, na hapo hapo akawapa kazi watu wadogo. Bila Saada hakuna utendi. Hata mwisho haushindi mwili wake tu: anayechoma sindano ni mwanawe, aliyeahidiwa makuu na mfalme. Baba anaweza kujilinda na jeshi. Na mtoto wake je? Hata akiwa amejeruhiwa, Liyongo anakwenda kisimani, anapiga goti na upinde mkononi, na mji mzima unaogopa kuteka maji kwa sababu ya mtu aliyekwisha kufa.

Nilimweleza mjukuu hayo yote, naye akaandika. Kisha nikamweleza jingine ambalo sikukusudia.

Miaka nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, tulikuwa na mwanachuo ambaye hakuna aliyemweza kwenye mdahalo. Upande wake ulishinda kila Ijumaa, na wenzake walianza kutokuja. Ningeweza kumpa upande mgumu wa hoja. Ningeweza kumpa wale wanne waliokuwa wakitetemeka wakisimama, awafundishe, ashinde kwa midomo yao. Nilikuwa nimefundisha utendi ule zaidi ya mara kumi. Nilichofanya ni kumwita ofisini na kumwondoa kwenye chama cha mdahalo, ili wengine wapate nafasi. Nilijiona mwenye haki. Wengine walipata nafasi kweli. Yeye hakuinua mkono tena, hata darasani, mpaka alipohitimu.

"Aliishia wapi, babu?"

Nikamwambia sijui. Ninachokumbuka ni maneno niliyoandika kwa mkono wangu kwenye taarifa yake ya mwisho: mtulivu, mwenye nidhamu nzuri.