“Kwa Faida Yake”: Hoja ya Maadili na Udhibiti wa Binti katika Rosa Mistika na Utengano

Usomaji uliozoeleka wa Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi na Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed huwalaumu akina baba kwa unafiki. Zakaria anampiga Rosa kwa sababu ya barua ya Charles, ilhali yeye mwenyewe ni mlevi asiyeijali familia. Maksuudi anamfungia Maimuna ndani, ilhali yeye hutafuta anasa nje. Usomaji huu ni sahihi, lakini unaliacha kando swali gumu zaidi: lau Zakaria asingekuwa mlevi, na Maksuudi angekuwa mwadilifu, je, udhibiti wao ungekuwa halali?

Jibu linaanzia katika lugha ya malezi yenyewe. Katika methali “Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo”, mzazi ni kiima na mtoto ni yambwa. Hata mtoto anapokuwa kiima wa kitenzi cha pili, kirejeshi -vyo kinaufunga ukuaji wake kwenye tendo la mzazi. “Samaki mkunje angali mbichi” huenda mbali zaidi, kwani samaki haulizwi. Vitenzi kulinda, kutunza na kuhifadhi hufuata mkondo huohuo. Na kinachohifadhiwa, aghalabu, ni heshima ya nyumba.

Hoja iliyojengwa hivi haikanushiki. Binti akitii, ukali umefaulu. Akipotoka, ukali haukutosha. Kila tokeo humpa mzazi ushahidi, na neno la binti halihesabiwi popote. Ndiyo maana kauli kwamba Rosa na Maimuna waliharibiwa na “malezi mabaya” haitoshi. Kauli hiyo hubishania kipimo cha ukali tu, huku ikikubali kwamba binti ni zao la mikono ya mwingine.

Rosa Mistika haijajinasua kikamilifu na mtego huo. Charles anamkataa Rosa kwa kuwa si bikira, naye Rosa anajiua. Msomaji mwenye msimamo wa Zakaria anaweza kukiona kifo hicho kuwa uthibitisho wa onyo la baba. Hata hivyo, Charles ndiye anayefichua kiini cha tatizo: hana mamlaka ya mzazi, wala hashiki kiboko, lakini anaupima utu wa Rosa kwa mizani ileile. Historia ya riwaya nayo ina kejeli yake. Kitabu kinachoonyesha kwamba kuwazuia vijana wasijue hakuwalindi, kilizuiwa kwa muda katika shule za Tanzania kwa hoja ya kuwalinda vijana.

Utengano inapiga hatua zaidi. Maimuna anapitia danguro la Mama Jeni, lakini anabaki hai na kufunga ndoa na Kabi, mwanamume anayeyajua maisha yake ya nyuma. Inawezekana kudai kwamba ndoa inamrudisha chini ya paa la mwanamume mwingine. Dai hilo lina uzito. Lakini safari hii Maimuna ameulizwa, naye amejibu.

Hapo ndipo tofauti ya riwaya hizi inapostahili kutafutwa. Unafiki wa baba ni dosari ya mtu mmoja. Mantiki inayomruhusu kusema “kwa faida yake” bila kumsikiliza mwenye faida hiyo hubaki hata baba mnafiki anapoondoka.